Mbwa mzee uliyemuokoa anaumwa: anza kuangalia wapi

Malalamiko ni yaleyale. "Tangu nimlete hajala." "Anakojoa ndani kila usiku." "Amemuungurumia mtoto, naona nimrudishe." Nimelea mbwa wazee hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa sasa, wengi wao walinzi walioachwa getini mwenye nyumba alipohama, na simu ninazopigiwa zinazunguka hapohapo. Mtu analalamikia tabia, lakini ukichimba kidogo unakuta ugonjwa. Mbwa wa miaka tisa au kumi aliyeishi kwenye mnyororo, kupe wakamnyonya miaka yote na meno yake yasiangaliwe hata siku moja, haji na tatizo moja. Anakuja na matatu, na mawili kati ya hayo hukuambiwa kwa sababu hakuna aliyeyajua.

Kwa hiyo mbwa mzee akibadilika, tafuta maumivu kwanza, tabia baadaye. Nimezipanga dalili hapa chini kama ninavyoulizwa, na kila moja inaanza na sababu inayotokea mara nyingi. Palipoandikwa "Simama", usijaribu tena nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kabla ya yote: ijue hali yake ya kawaida

Nunua daftari. Fanya hivyo siku ileile anayofika, akiwa bado anaonekana mzima, kwa sababu usiku akizidiwa utahitaji kitu cha kulinganisha.

Inua mdomo wa juu uangalie fizi. Zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengine wana fizi nyeusi, hao waangalie ndani ya kope la chini. Hesabu pumzi akiwa amelala fofofo: kifua kupanda na kushuka ni moja, na kwa dakika zisifike 30. Joto la mwili ni nyuzi 38 hadi 39.2, nalo hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, njia ya haja kubwa. Pua kavu haikwambii kitu. Uzito, mbebe upande naye kwenye mizani kisha utoe wa kwako. Maji, jaza bakuli kwa chupa ya lita moja ili ujue amemaliza kiasi gani kwa siku.

Waliokukabidhi waulize tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe ya dawa ya minyoo, kama aliwahi kupimwa damu, na dawa anazotumia sasa. Kama unamlea kwa muda tu, mbwa bado ni wao: mkubaliane mapema nani analipa daktari, na usibadilishe dawa bila kuwaambia. Ukishamchukua moja kwa moja, gharama zote ni zako, na za mbwa mzee hazina mwisho wa kutabirika. Ni bora hilo uliseme kwa sauti nyumbani kabla ya kutia saini.

Hali chakula

Siku mbili tatu za mwanzo, sababu kubwa ni ugeni. Harufu mpya, sauti mpya, na pengine maisha yake yote alizoea ugali na dagaa, nawe umemwekea chakula kikavu cha pakiti. Mpe alichokizoea, mahali tulivu, uondoke. Baada ya dakika ishirini ondoa bakuli.

Kama anakuja mbio kwenye bakuli, ananusa, anachukua tonge na kuliangusha, huyo ana njaa ila mdomo unamuuma. Inua mdomo uangalie magego ya nyuma: ukoko wa kahawia, fizi zinazovuja damu, jino linalocheza, harufu ya kuoza. Mlainishie chakula kwa supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu. Supu humsaidia ale, lakini jino bovu litabaki bovu mpaka ling'olewe akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mbwa mzee apimwe damu kwanza kabla ya usingizi huo.

Kama hata bakuli halitazami, anajilamba midomo na kumeza mate, ana kichefuchefu. Angalia dawa anazotumia. Doksisiklini, antibiotiki ya homa ya kupe, huchafua tumbo, na kidonge kikikwama kooni huliunguza. Mpe pamoja na chakula, na maji juu yake. Mimi huficha kidonge ndani ya kidonge cha ugali kilichochovywa kwenye mchuzi: natanguliza cha ugali mtupu, kisha chenye dawa, kisha cha tatu mtupu haraka kabla hajatafakari. Baada ya dawa yanafuata magonjwa yenyewe: homa ya kupe, figo, ini.

Usimpe mifupa iliyopikwa. Huvunjika vipande vikali na kumchana utumbo.

Simama: hajala siku nzima na anatapika, au hajala siku mbili hata kama hatapiki. Tumbo likijaa ghafla kama ngoma, naye anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usisubiri kukuche. Tumbo limejipinda, na hapo zinahesabiwa saa. Mbwa wa kisukari akikataa chakula, usimchome insulini kabla hujaongea na daktari wake.

Amechoka, fizi zimepauka, ana homa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu huku kwetu hii ndiyo dalili inayowamaliza mbwa wazee wengi, na huwa inakuja kimyakimya.

Bosi alikuja kwangu akiwa anakula vizuri na kutingisha mkia. Siku ya tisa geti liligongwa, naye hakuinuka. Asubuhi yake nikakuta tone moja la damu kwenye kigae, chini ya pua ya kushoto. Nilifuta nikajua amejigonga. Kesho yake matone mawili. Daktari aliponifungulia mlango hakuuliza chochote kuhusu pua. Alisema, "Dada, fizi zake umeziangalia lini mara ya mwisho?" Sikuwa nimeziangalia tangu siku ya kwanza. Zilikuwa na rangi ya uji wa mchele.

Ilikuwa erlikia, aina ya homa ya kupe, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuifikiria. Huletwa na kupe kahawia wa mbwa. Inaweza kukaa mwilini miezi au miaka mbwa akionekana mzima, kisha ikashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ndipo damu ya pua inapoanza, au vidoa vyekundu tumboni, au jicho linaingia ukungu. Kwa mbwa aliyekulia nje ukanda huu, omba kipimo cha damu hata kama hana dalili. Dawa ya kawaida ni doksisiklini kwa siku 28. Bosi alianza kuruka siku ya nne, na hapo ndipo wengi hukosea: mbwa amepona, dawa inaachwa, ugonjwa unajificha tena. Maliza siku zote 28.

Ya pili ni babesia, nayo hutokana na kupe. Hii hushambulia chembe nyekundu zenyewe, na inakwenda kasi. Mwangalie anapokojoa: mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea ni babesia mpaka kipimo kikatae. Doksisiklini peke yake haitoshi hapa, kuna sindano yake. Mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja.

Inafuata safura, minyoo inayonyonya damu utumboni, na kinyesi huwa cheusi kama lami. Kisha sumu ya panya, ambayo huzuia damu isigande na huonekana siku kadhaa baada ya kuliwa. Mwisho, hasa kwa mbwa wakubwa wa umbo, uvimbe wa bandama uliopasuka: mbwa aliyekuwa mzima saa moja iliyopita analala chini, fizi nyeupe, tumbo limejaa.

Kupe wenyewe watoe kwa koleo ndogo, ukishika karibu na ngozi na kuvuta taratibu. Usiwachome moto wala kuwapaka mafuta ya taa. Ukimaliza mbwa, geukia banda. Kupe huyu anaishi muda mwingi nje ya mbwa kuliko juu yake, kwenye nyufa za ukuta na chini ya paa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, piga dawa kuta, rudia baada ya wiki chache.

Simama: fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya chai, damu isiyokata, au homa iliyopita nyuzi 40. Ni leo, si kesho.

Anakunywa maji mno, anakojoa ndani

Pima kwanza kwa siku tatu. Mbwa wa kilo 10 akipita lita moja kwa siku, hayo ni mengi. Chini ya hapo inaweza kuwa joto la Dar tu, au dagaa wa chumvi.

Tofautisha mambo mawili. Anayechuchumaa katikati ya sebule amebanwa na hakuwahi nje: ama mkojo ni mwingi, ama ana maambukizi ya kibofu na anakojoa kidogokidogo kila mara, ama miguu inamuuma na ngazi zimemshinda. Anayeacha dimbwi pale alipolala, bila kujua, misuli ya kufunga mkojo imelegea. Hii ni kawaida kwa majike waliofungwa kizazi, na ina dawa nzuri. Wote wawili hawana kosa, na kumchapa mbwa anayevuja usingizini ni kumuonea.

Maji yakiwa mengi kweli, angalia dawa kwanza. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, humfanya mbwa anywe, ale na akojoe kama mwehu, na usiikate ghafla. Halafu figo, halafu kisukari, ambacho humkondesha mbwa huku anakula vizuri. Kwa mbwa wa figo, dagaa mzima na mifupa ndiyo mlo mbaya, kwa ajili ya chumvi na fosforasi. Mpe mnofu na wali kwa kipimo atakachokupa daktari. Figo zilizoharibika hazirudi. Unachofanya ni kuzipunguzia mzigo, na mbwa anaweza kuishi muda mzuri hivyo.

Usimnyime maji ili asikojoe. Mbwa wa figo au kisukari ukimfungia maji usiku unamuua.

Simama: jike ambaye hajafungwa kizazi, alikuwa kwenye joto la kutaka dume wiki chache zilizopita, sasa anakunywa sana na amenyong'onyea, hata kama huoni usaha unatoka. Mfuko wa uzazi umejaa usaha. Ni upasuaji wa haraka. Simama pia kama mbwa anajikaza kukojoa na hakitoki kitu.

Anachechemea, asubuhi hainuki

Anza chini uende juu. Tenganisha vidole uangalie mwiba, kupe, kucha iliyojikunja ikachoma nyama. Nimeshaona mbwa aliyetajwa kuwa na ugonjwa wa mifupa akapona kwa kukatwa kucha.

Kama anakakamaa akiamka na kulegea akishatembea, ni baridi yabisi, ya nyonga au magoti au uti wa mgongo. Sakafu ya vigae ndiyo adui. Tandika mipira ya sakafu ya gari au magunia yaliyoshonewa chini kitambaa kisichoteleza, kuanzia anapolala mpaka kwenye bakuli na mlangoni. Godoro liwe nene. Mpunguze uzito kama amenenepa. Mtembeze mara tatu kwa dakika kumi badala ya mara moja nusu saa.

Akichechemea mguu huu leo na ule kesho, akiwa na homa, rudi kwenye kupe, maana erlikia huvimbisha viungo pia. Mguu mmoja usiopona wiki baada ya wiki, na mfupa wenyewe umevimba, hasa kwa mbwa mkubwa, upigwe picha. Saratani ya mfupa huanza hivyo.

Sasa nisikilizeni kwenye hili. Panadol, brufeni, diklofenaki: usimpe mbwa. Zimo kila nyumba, kwa hiyo watu wanagawa nusu kidonge kwa huruma. Brufeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari atakupa, naye atataka kupima figo na ini kabla. Usizichanganye na prednisoloni.

Simama: miguu ya nyuma imekufa ghafla, au analia ukigusa mgongo.

Anakohoa au anahema akiwa amelala

Aliyetoka kwenye makazi ya mbwa wengi akakohoa kwa sauti kavu ya kuziba, ndani ya wiki ya kwanza, mara nyingi ana kikohozi cha kuambukizana tu. Mtenge na wengine, badala ya kola mfunge mkanda wa kifuani, na wiki mbili zitosheleze. Baada ya hapo fikiria moyo. Hapa ndipo ile hesabu ya pumzi inapolipa: ukipata zaidi ya 30 usingizini usiku mbili mfululizo, na awali ulikuwa ukipata 20, maji yanaanza kujaa mapafuni. Nenda na daftari. Mwenye moyo mbovu anaweza kutulia kwa vidonge vya kila siku, mradi usiruke siku. Minyoo ya moyo inayoletwa na mbu nayo iulizie.

Mbwa anayekoroma kwa nguvu wakati wa joto, kubweka kwake kumebadilika sauti, koromeo linaweza kuwa limepooza. Usimtembeze jua likiwa kali.

Simama: ulimi au fizi za bluu, anakaa na viwiko vimetanuka akivuta hewa kwa tumbo, au amezimia. Kama ni joto limempiga, mmwagie maji ya kawaida na mpepee huku mkielekea hospitali.

Anajikuna, manyoya yananyonyoka

Viroboto kwanza, upele pili, kisha fangasi na mzio. Kuna upele unaoambukiza watu. Nyumba nzima ikianza kuwashwa mikono, usishangae. Daktari atakwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini, ni kazi ya dakika chache. Mbwa mzee anayeota upele uliokuwa umelala, mara nyingi kuna ugonjwa mwingine uliomshusha kinga. Utafute.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe ni hatari nyingine. Nilinunua duka la dawa za mifugo, kijana wa nyumbani akaichanganya kwa jicho, na jioni mbwa alikuwa amelegea, mwili wa baridi, moyo unapiga polepole. Alipona, lakini alinitia hofu ambayo sijaisahau. Amitrazi, dawa yenyewe iliyokuwa humo, pia hupandisha sukari, kwa hiyo mbwa wa kisukari asiguswe nayo. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe vilevile: kipimo kikikosewa kidogo, mbwa anapofuka au anazimia. Na kama mbwa ana kifafa, mwambie daktari kabla hajakuandikia vidonge vipya vya kupe na viroboto, kwani jamii moja ya dawa hizo inaweza kuamsha degedege.

Anazunguka usiku, analia, anakwama kwenye kona

Mtoe akojoe. Akirudi akalala, ndilo lilikuwa tatizo. Asipolala, fikiria maumivu, hasa kama mchana anahema bila sababu. Kisha macho na masikio: acha taa ndogo ikiwaka, usihamishe samani. Ukishamaliza hayo yote, ndipo useme ni usahaulifu wa uzee. Una mwenendo wake: anasubiri upande wa bawaba za mlango badala ya upande unaofunguka, anakutazama kama mgeni. Ratiba isiyobadilika humsaidia kuliko kitu kingine.

Degedege

Mbwa mmoja wa kike niliyekuwa namlea alianguka uani nikiwa dukani. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu asiyegusa mbwa na ambaye sikumtegemea hata kidogo, ndiye aliyenipigia. "Mwanangu, mbwa wako anatetemeka. Nimeondoa mawe pembeni yake. Nimetazama saa." Hakuna daktari angefanya zaidi. Ondoa vitu vya kumuumiza, pima muda, usimtie kijiko wala vidole mdomoni, mrekodi kwa simu. Degedege la kwanza uzeeni si la kupuuza: sumu, ini, sukari kushuka, uvimbe wa ubongo.

Simama: limepita dakika 5, au yamekuwa mawili ndani ya saa 24.

Anaunguruma, anang'ata

Ukishika nyonga akageuza kichwa, amekujibu. Kiziwi aliyeshtuliwa usingizini naye hung'ata kabla hajajua ni nani, basi kanyaga sakafu kwa kishindo ili asikie mtetemo kabla hujamsogelea. Watoto wasimguse akiwa amelala au anakula, hata akiwa mpole kiasi gani.

Lakini kama chanjo yake haina cheti, na mwenendo umegeuka ghafla, anadondosha mate, sauti imebadilika, hawezi kumeza, hili si la uzee tena. Usimtazame mdomoni ukidhani amekwama mfupa. Mfungie, kaa mbali, mpigie daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kulambwa kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mbwa mzima aliyeng'ata hufungiwa na kuangaliwa siku 10, asiuawe mtaani.

Dawa hazisaidii tena

Tundika kalenda karibu na bakuli. Kila jioni weka alama: amekula mwenyewe, amesimama mwenyewe, ametoka kujisaidia, amekuja ulipomwita. Mkiwa wawili nyumbani, kila mtu aweke yake bila kuangalia ya mwenzake, kwa sababu anayempenda zaidi huwa wa mwisho kuona. Wiki ambayo siku mbaya zimezidi nzuri, mpigie daktari umsomee zile alama. Wakati mwingine kuna dozi ya kurekebisha. Asipokuwa na la kurekebisha, muulize kuhusu sindano ya kumlaza, na kama anaweza kuja nyumbani. Mbwa aliyekuwa wa kulea kwa muda, waite na waliokukabidhi. Omba iwe asubuhi, kabla jua halijawa kali, mbwa akiwa kwenye godoro lake.